Usiku mwezi ulipopatwa: Funzo la waliojitolea kuwaonesha watu mbingu

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (SW), Mola wa viumbe vyote, aliyeliumba jua na mwezi na kuviwekea mwendo visioukiuka. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu wasomaji, usiku wa Jumapili ya tarehe 7 Septemba, 2025, kuamkia Jumatatu, mwezi ulipatwa kwa ukamilifu na tukio hilo likaonekana katika Afrika Mashariki nzima. Ulikuwa ni mwezi wa Mfunguo Sita wa mwaka 1447 Hijria, siku chache tu baada ya kusomwa Maulidi. Hapa kisiwani Pemba, katika kijiji kimoja cha upande wa kaskazini, vijana wachache wa skuli na wa madrasa walijitolea kukusanya watu kiwanjani ili waitazame alama hiyo kwa utulivu na kwa elimu. Sisi tuliombwa tuwe miongoni mwao, nasi tukakubali. Yaliyojiri usiku ule tumeona ni haki yenu kuyasoma, kwani ndani yake mna mafunzo kwa kila nyumba.

Vifaa vyenyewe vilikuwa duni. Kulikuwa na darubini moja ndogo ya kuazima iliyoletwa na mwalimu kijana wa sayansi, mikeka ya msikitini, na tochi mbili zilizofungwa kitambaa chekundu ili mwanga wake usiyapofue macho yaliyokwisha kuzoea kiza. Kila aliyejitolea alipewa kazi yake. Wasichana wa kidato cha nne walipanga safu ya akina mama na watoto, wavulana walipanga safu ya wanaume, na mmoja alikaa na saa na daftari kuandika kila hatua. Kazi tuliyopewa sisi, pamoja na kilemba chetu na mvi zetu, ilikuwa ni kushika kiti wanachopandia watoto wafupi ili wasianguke. Tuliifanya kazi hiyo kwa furaha kubwa.

Mnamo saa 1:27 usiku kivuli cha ardhi kilianza kuugusa mwezi, upande wa mashariki, ukiwa bado haujapanda juu sana. Watu waliswali Isha, kisha tukasimama kwa swala ya khusufi, rakaa mbili zenye rukuu mbili katika kila rakaa, kwa kisomo cha sauti, kama ilivyo sunna iliyotiliwa mkazo. Baada ya mawaidha mafupi tulirudi kiwanjani. Ilipofika saa 2:30 mwezi wote ulikuwa umo ndani ya kivuli, na ukageuka rangi, ukawa mwekundu kama kaa la moto linalokaribia kuzimika. Ulibaki hivyo hadi saa 3:52, yaani kwa muda wa dakika 82, na kivuli chenyewe kikaondoka kabisa ilipokaribia saa 5.

Kutazama nyota au kupiga ramli?

Siku tatu kabla ya usiku ule, mzee mmoja tunayemheshimu alitujia nyumbani akiwa na wasiwasi. Alituuliza: "Sheikh, nasikia mmewaita watoto wetu waje kutazama nyota. Hiyo si ndiyo kazi ya wapiga ramli?" Hatukumlaumu hata kidogo, kwani katika lugha yetu maneno haya mawili yamechanganyika. Mtu akisema anakwenda kutazamiwa nyota, wengi hufahamu kwamba anakwenda kwa mganga ili aambiwe ni nani aliyemroga, au safari yake itakuwa na kheri au shari.

Wanazuoni wetu waliipambanua jambo hili zamani. Walisema elimu ya nyota ni ya mafungu mawili. La kwanza ni elimu ya taathira, nayo ni kudai kwamba nyota fulani huleta mauti, riziki, ndoa au balaa. Hiyo ndiyo iliyokemewa na Mtume (SAW) na kuhesabiwa kuwa ni tawi la uchawi. La pili ni elimu ya mwendo, nayo ni kujua nyota zinapochomoza na kutua, ili kujulikana kibla, nyakati za swala, majira ya kulima na njia za bahari. Fungu hili la pili limeashiriwa na Qur'ani yenyewe: katika Surat al-An'am tumeelezwa kwamba nyota zimewekwa ili tuongoke kwazo katika viza vya bara na bahari, na katika Surat Yunus kwamba mwezi umewekewa vituo ili tujue idadi ya miaka na hesabu.

Mzee wetu alisikiliza, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi na mimi nitakuja, lakini sitaweka jicho langu kwenye hicho chombo." Alikuja. Ilipofika saa 3 alikuwa ni wa nne katika safu.

Lawama aliyoibeba bibi kwa zaidi ya miaka 40

Miongoni mwa waliofika alikuwapo bibi mmoja aliyeletwa na mjukuu wake. Mwezi ulipoanza kuingia wekundu, bibi huyo alijitanda ukaya wake hadi usoni na kutaka arudishwe ndani. Binti mmoja aliyejitolea hakumvuta wala hakumcheka. Alikaa naye mkekani, akamuuliza kwa upole ana lipi.

Bibi alieleza kwamba ujanani mwake, akiwa na mimba, alitoka nje usiku ambao mwezi ulipatwa. Mtoto aliyemzaa baada ya hapo alikuwa na ila ya mwili. Watu wakamwambia, na wakazidi kumwambia mwaka baada ya mwaka, kwamba yeye ndiye aliyemtia mwanawe ila ile kwa kutoka nje. Mtoto yule alikua, akaoa, akapata watoto, na mmoja wao ndiye aliyemshika bibi mkono usiku ule. Lakini lawama haikumtoka moyoni.

Binti yule alitujia akatunong'oneza habari hiyo, nasi tukaliacha lile kiti tukaenda kukaa karibu na bibi. Tukamkumbusha kisa ambacho kila mwanafunzi wa madrasa hukisoma. Katika mwaka wa 10 Hijria alifariki Ibrahim, mtoto mchanga wa Mtume (SAW) aliyezaliwa na Bibi Maria, na siku hiyo hiyo jua likapatwa. Watu wa Madina wakasema kwamba jua limepatwa kwa ajili ya kifo cha Ibrahim. Tuzingatie, ndugu wasomaji: lau angekuwa ni mtu atafutaye utukufu, hapo ndipo angenyamaza na kuwaacha watu waamini kwamba mbingu zinamlilia mwanawe. Lakini Mtume (SAW), naye yumo katika huzuni ya mzazi aliyetoka kuzika, alisimama akawafundisha watu kwamba jua na mwezi ni alama mbili miongoni mwa alama za Allah, na kwamba havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa mtu. Mkiona hayo, akawaamrisha, mwombeni Allah na mswali.

Tukamwambia: "Bibi, ikiwa mwezi na jua havikupatwa kwa ajili ya mtoto wa Mtume, vipi mwezi upatwe kwa ajili ya mtoto wako? Aliyemuumba ni Allah, na wewe huna kosa." Bibi alikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akaushika mkono wa mjukuu wake, akasema anataka kuona. Alipotoa jicho lake kwenye darubini alisema maneno machache tu: "Kumbe ni kivuli."

Naam, ni kivuli. Ardhi yetu inapokuwa katikati baina ya jua na mwezi, kivuli chake huuangukia mwezi. Hilo haliwezekani ila usiku wa mwezi mpevu, kama ambavyo jua halipatwi ila mwishoni mwa mwezi, pale mwezi unapopita baina yetu na jua. Wekundu ule hutokana na nuru ya jua inayopenya katika hewa inayoizunguka ardhi, ikapinda, na ile rangi nyekundu pekee ikafika mwezini, kama tunavyoiona magharibi jua linapotua. Na ukingo wa kivuli huonekana daima kuwa ni duara, dalili ambayo wataalamu tangu kale waliitumia kuthibitisha kwamba ardhi ni mviringo.

Kilimia na elimu ya manahodha

Wakati watu wakisubiri zamu zao, vijana walimwomba nahodha mmoja mstaafu awaoneshe nyota azijuazo. Hakuwa ameandikwa katika orodha ya waliojitolea, lakini ndiye aliyefanya kazi kubwa kuliko wengi wetu. Aliwaeleza watoto habari ya Kilimia, kile kishada cha nyota ndogo zilizokumbatiana, na msemo wa wahenga kwamba kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, na kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Hesabu yake ni sahihi. Kilimia hupotea machoni magharibi kuanzia mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei, wakati wa masika, na hurejea alfajiri upande wa mashariki katikati ya Juni, mvua zikiwa zimekwisha na kusi imeshika.

Akawaeleza pia hesabu ya miongo: mwaka wa mabaharia wa siku 365 unaoanzia Nairuzi, ukagawiwa makumi makumi, ili nahodha ajue ni lini kaskazi itaanza na ni lini bahari haifai. Hesabu hiyo ilihitajiwa kwa sababu mwaka wetu wa mwezi mwandamo una siku 354 tu au 355, hivyo hutangulia mwaka wa jua kwa kiasi cha siku 11 kila mwaka, na Ramadhani ikazunguka katika misimu yote. Mvuvi wa Pemba, kwa hiyo, alikuwa na kalenda mbili kichwani: ya jua kwa ajili ya pepo, na ya mwezi kwa ajili ya ibada, bamvua na maji mafu.

Kisiwa hiki ambacho mabaharia wa Kiarabu walikiita Kisiwa cha Kijani kiko kiasi cha digrii 5 kusini mwa mstari wa Ikweta. Nyota ya Kaskazini, iliyokuwa tegemeo la manahodha wa Oman, haionekani hapa kwani imezama chini ya upeo wa macho. Ndiyo maana Ahmad bin Majid, bingwa wa ubaharia wa karne ya 15 aliyeandika habari za njia ya bahari hadi Sofala, aliwafunza manahodha kupima nyota nyengine. Chombo chao kilikuwa ni kibao kidogo chenye uzi uliopigwa mafundo, kiitwacho kamal. Hata leo majina mengi ya nyota yanayotumiwa na wataalamu wa dunia nzima ni ya Kiarabu: Aldebaran ni "ad-Dabaran", mfuataji, kwa kuwa hukifuata Kilimia, na Rigel ni "rijl", mguu.

Kijana mmoja aliuliza: "Babu, mbona baba anakwenda dago na hazijui hizi?" Nahodha akajibu: "Baba yako ana simu inayomwonesha njia, mwanangu. Lakini simu huzimika." Jibu hilo lilitosha. Elimu hii imo vichwani mwa wazee wachache, na kila mwaka tunawazika baadhi yao.

Ushahidi wa uongo wa utotoni mwetu

Sasa tunaomba ruhusa ya kueleza jambo linalotuhusu wenyewe. Tulipokuwa watoto wa madrasa, jioni ya mwezi 29 Shaabani tulipelekwa pwani kutazama mwezi. Upeo ulikuwa na ukungu. Mwenzetu mmoja akapiga kelele, "Ule pale!" Sisi hatukuona kitu isipokuwa mchirizi wa wingu, lakini kwa kuogopa kuitwa vipofu, na kwa hamu ya Ramadhani, tukasema nasi tumeuona. Mara tukawa watano tulioona.

Maalim wetu hakufurahi wala hakukasirika. Alitutenganisha, kila mmoja mahali pake, akampa kijiti na kumwambia auchore mwezi mchangani kama alivyouona. Wote watano tuliuchora umesimama ubavu, pembe zake zikielekea pembeni, kama ulivyo katika bendera na picha za vitabu. Maalim akazifuta zile picha kwa mguu wake, akasema: "Mwezi mchanga wa kwetu haukai hivyo. Hulala chali kama dau."

Ni kweli. Pembe za mwezi mwandamo huelekea upande ulio mbali na jua, na katika nchi zilizo karibu na Ikweta jua hutua kwa kushuka karibu wima. Kwa hiyo hilali yetu huonekana imelala, pembe juu, ikiinama kidogo kulia au kushoto kulingana na majira. Kila mmoja wetu alikuwa ameusoma mwezi kitabuni, na hakuna hata mmoja aliyeuona.

Maalim hakutupiga. Alituambia kwamba tulikuwa tunataka kuwafungisha watu wa mji mzima kwa neno tusilolijua. Adhabu yake ikawa ni hii: kwa mwaka mzima, kila mwezi 29, sisi watano tutakwenda pwani kwa kujitolea kuutazama mwezi, na kila usiku ufuatao tumweleze ulikaa wapi, umelalaje na ulitua baada ya muda gani. Mwaka ulipokwisha tulikuwa tumejifunza zaidi ya alivyotutamkia. Tulijua kwamba mwezi huchelewa kutua kwa kiasi cha dakika 50 kila siku, na kwamba kutoka mwandamo hadi mwandamo ni wastani wa siku 29 na nusu, ndiyo maana miezi huwa ni 29 au 30. Tulijua pia uchungu wa kusema "sikuona" mbele ya watu wanaotaka kusikia "nimeona".

Hatukusudii katika makala hii kuamua khitilafu ya miandamo, ambayo imezigawa nyumba zetu hadi baba akala Idi na mwanawe amefunga. Lakini vyovyote iwavyo rai ya mtu, ushahidi wa mwezi ni amana. Imamu Taqiyyuddin as-Subki, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafi aliyefariki mwaka 756 Hijria, aliona kwamba iwapo hesabu ya yakini inaonesha haiwezekani mwezi kuonekana, basi ushahidi wa anayedai kuuona haupokelewi, kwani macho hukosea. Wako waliohitalifiana naye. Hata hivyo hakuna mwanachuoni aliyesema kwamba shahidi asiulizwe maswali.

Kwa wanaotaka kujitolea

Ndugu wasomaji, kazi hii haihitaji mali nyingi. Tunausia mambo yafuatayo.

Kwanza, kila kijiji kiwe na vijana wachache, wa kike na wa kiume, wanaotoka kila mwezi 29 kutazama mwezi, wala si Shaabani na Ramadhani pekee. Wasimame mahali palipo wazi upande wa magharibi, watie alama pale jua lilipotua, na waanze kutazama baada ya jua kuzama. Anayeona aandike saa, urefu kutoka upeoni, na mwezi umelalaje. Ngumi ya mkono ulionyooshwa mbele ya uso ni kiasi cha digrii 10.

Pili, mwenye darubini awatangulize watoto, wazee na wagonjwa. Asimcheke asiyeona mara ya kwanza. Usiku ule Zohali ilikuwa karibu na mwezi, na mtoto mmoja alilia kwamba haioni pete yake aliyoiona katika kitabu. Mwalimu akamfahamisha kwamba katika mwaka 2025 pete ile ilitugeukia ubavu, hivyo ikaonekana nyembamba kama sindano iliyopita katika ushanga. Mtoto akatazama tena, akaiona.

Tatu, na hili ni la kuhifadhi macho: mwezi unapopatwa hutazamwa bila ya khofu, lakini jua linapopatwa halitazamwi kwa jicho tupu, wala kwa miwani ya kawaida, wala kwa darubini isiyo na kichujio maalumu mbele yake. Ndani ya jicho hakuna maumivu ya kumwonya mtu kwamba anaungua. Tarehe 1 Septemba, 2016, jua lilipopatwa kwa umbo la pete na watu wakakusanyika Rujewa, wilayani Mbarali, wataalamu akiwemo Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania walifanya kazi kubwa ya kuwaelimisha wananchi. Tukio kubwa jengine limehesabiwa kuwa tarehe 2 Agosti, 2027, ambapo jua litapatwa lote katika miji ya Jeddah na Makka, nasi huku tutapata sehemu yake. Wazazi watafute mapema miwani maalumu iliyothibitishwa, au wawafundishe watoto kutazama kivuli kupitia tundu dogo la karatasi.

Nne, ibada itangulie, na elimu iifuate. Usiku ule hakuna aliyeona kwamba swala ilimzuia kujifunza, wala kwamba darubini ilimzuia kumkumbuka Mola wake.

Tulipokuwa tunakunja mikeka, mwezi ulikuwa umerudi kung'ara juu ya minazi. Yule mzee aliyeapa hataweka jicho kwenye chombo alitusaidia kubeba kile kiti hadi msikitini. Njiani alituuliza: "Sheikh, mwezi 29 tunakutana pwani saa ngapi?" Tukamwambia kabla ya Magharibi. Akasema atakuja na wajukuu wake.

Tunamwomba Allah (SW) atujaalie tuwe ni wenye kuzizingatia alama zake, wakweli katika ushahidi wetu, na wepesi wa kuwaondolea wenzetu lawama wasizostahiki. Amin.

Wabillahi tawfiq.